Bunduki ipo, karatasi ziko wapi?

Jamani wadau, vijana wa sheria wamezusha mjadala kantini: mtu kakutwa na gobore bila kibali, halafu Mahakama ya Rufani inamwachia. Si kulea majambazi huko? Mimi nasema hapana.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka polisi akikamata kitu atoe stakabadhi, isainiwe na mwenye eneo au anayekaa hapo, pamoja na mashahidi kama wapo. Na rufaa ya jinai namba 110 ya 2007, iliyosikilizwa Dodoma, ilisisitiza maandishi: nani alikamata, nani alitunza, alimkabidhi nani. Baadaye mahakama hiyo hiyo ililegeza kidogo kwa vitu visivyochezewa kirahisi, kama meno ya tembo. Sawa. Lakini gobore la kienyeji halina hata namba! Bila karatasi, utajuaje ndilo lile alilokutwa nalo?

Jambazi akitoka kwa sababu hiyo, wa kulaumiwa ni aliyeshindwa kuandika, siyo jaji. Tukiruhusu njia ya mkato, kesho utabambikiwa wewe, na hutakuwa na pa kushika.

Nawasilisha. Mnaopinga, karibuni.