MAMBO YA NYUMBANI: Jiko Lilingane na Sufuria



Katika nchi za baridi, mtu atakaye jiko la kuni kwanza hupima chumba chake, maana jiko lile ni la kupasha nyumba joto. Huku kwetu Nachingwea na Ruangwa jua latutosha; jiko letu ni la kupikia. Lakini kosa ni moja, nalo ni kudhani kwamba jiko kubwa ndilo bora. Kwao jiko likizidi chumba, moto hubanwa, kuni zikafuka moshi badala ya kuwaka. Kwetu jiko likizidi sufuria, ndimi za moto hupita kando, na kuni huliwa bure.

Basi kipimo ni nini?

Kwanza, pima kwa sufuria ya kila siku, wala si kwa sufuria ya karamu. Nyumba ya watu sita haihitaji jiko la kupikia pilau ya maulidi. Siku ya shughuli, mafiga matatu uani yatosha.

Pili, sufuria ikikaa ndani ya jiko, nafasi baina ya ubavu wake na ukuta wa jiko iwe kadiri ya unene wa kidole, yaani sentimita 1 hadi 1 na nusu. Ikiwa pana zaidi, joto hupotea; ikiwa finyu, moto hukosa pumzi na moshi hurudi mlangoni.

Tatu, mdomo wa kuni wa jiko la jamaa watosha sentimita 12 kwa 12. Mdomo mpana humshawishi mpishi kusukuma magogo. Kuni za mikorosho iliyopogolewa zipasuliwe nyembamba, zikaushwe kabla ya masika, na zilazwe juu ya kichanja kidogo ili hewa ipite chini yake. Kuni mbichi humaliza joto lake kwa kukausha maji yake yenyewe.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Wa kwanza kuuvuta ni mama, na mtoto aliye mgongoni mwake. Na mzigo wa kuni ulioteketea bure, aghalabu ni binti aurudiaye porini, kwa saa ambazo zingekuwa za chuoni au shuleni. Baba asemaye kwamba jiko ni mambo ya wanawake, na akumbuke kuwa matumizi ya nyumba ni juu yake, na israfu ni israfu, iwe ya fedha au ya kuni.

Mwaka 2024 Serikali ilitangaza mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikikusudia asilimia 80 ya wananchi waitumie ifikapo mwaka 2034. Mwenye uwezo wa gesi na aitumie. Asiye nao, asiingojee siku hiyo katika moshi.

Neno la mwisho. Katika kipupwe cha Juni na Julai wapo waingizao jiko la mkaa chumbani kumpasha mzazi na mtoto wake joto, na milango imefungwa. Hapo hakuna jiko lenye kipimo cha kufaa, kubwa wala dogo. Hewa ya sumu itokayo katika mkaa haina rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Mfunikeni mzazi blanketi, na moto ubaki jikoni.

Wabillahi tawfiq.