Mashine Imsaidie Mganga, Isimrithi

Yapo mabishano siku hizi katika vyumba vya upasuaji duniani: je, mpira mwembamba wa kupitishia dawa ya ganzi mgongoni, yaani katheta ya epidurali, utiwe kwa ustadi wa vidole kama ilivyo desturi, au kwa kuongozwa na altrasaundi? Jambo hili latuhusu sisi wa Njombe na Makambako, na lawahusu ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia. Huku ni milima, kule ni bahari, na kote mama anayejifungua aweza kuwa mbali na daktari bingwa.

Njia ya desturi si ya kubezwa. Pagés wa Hispania aliieleza ganzi hiyo mwaka 1921, na Dogliotti wa Italia akaieneza katika miaka ya 1930. Daktari hupapasa mifupa ya nyonga, akakadiria ilipo pingili ya nne ya kiuno, kisha husukuma sindano taratibu huku kidole gumba kikibonyeza bomba. Ukinzani ukitoweka ghafla, hujua kwamba amefika.

Lakini mkono una mipaka yake. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2000 ulionyesha kwamba madaktari wa usingizi waliitambua sawasawa nafasi kati ya pingili katika asilimia 29 tu ya majaribio. Mgonjwa mnene, au mwenye mgongo uliopinda, huweza kuchomwa mara kadhaa. Na sindano ikitoboa utando wa uti wa mgongo, mama aweza kuumwa kichwa vibaya kwa siku nyingi. Altrasaundi huonyesha mapema mahali pa kuchoma na kina cha kufikia.

Hata hivyo, dira haimfanyi mtu kuwa nahodha. Watu wa visiwani walijua hilo tangu zamani. Picha humfaa aliyefunzwa kuisoma. Tena katheta ikishakaa, panahitajika muuguzi wa kupima shinikizo la damu mara kwa mara, oksijeni, na dawa za dharura. Pasipo hayo, katheta isiyo na mlinzi ni hatari kuliko faida.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa afya, Bara na Visiwani, wasianze na orodha ya mashine. Waanze na watu: wataalamu wa usingizi wafunzwe na kutunzwa wilayani, na wauguzi watoshe zamu ya usiku. Kisha, pale ambapo altrasaundi ipo tayari kwa ajili ya wajawazito, isifungiwe kabatini. Wataalamu hao wafundishwe kuupima mgongo kwayo kabla ya kushika sindano. Hilo halidai mashine mpya, ladai mafunzo na ushirikiano baina ya idara.

Vidole vifunzwe kwanza, maana siku umeme utakapokatika, ndivyo vitakavyobaki na mgonjwa.