Unyonge wa Moyo si Uvivu

Kabla hujageuza ukurasa kukimbilia vitendawili na vichekesho, nipe dakika zako chache. Najua ukurasa huu wa maoni aghalabu huandikwa juu ya usafi wa mazingira, ubaya wa dawa za kulevya na umuhimu wa Kiswahili. Hayo yote ni ya maana. Mimi nataka kuandika juu ya jambo lililonishika mwaka huu hata nikakosa jina la kuliita.

Muhula wa kwanza nilianza kuamka mzito. Sikuwa na malaria. Malaria naijua, si mgeni kwetu. Mwili ulikuwa mzima, ila kila kitu kilikuwa kimepoteza ladha. Ngege wa kukaanga alipakuliwa nikamla kama ninayetafuna karatasi. Redio ikipiga benga, naizima. Nikaacha kuchana nywele. Siku nyingine nilikuja shuleni nimenawa uso na miguu tu, na wale wanaokaa karibu nami darasani nawaomba radhi hapa rasmi.

Mama alinitazama jioni moja nikiwa nimekaa mlangoni, akaweka chini gorogoro lake la omena, akauliza, "Wuoda, nani amekufa?"

Nikamjibu, "Hakuna, Mama."

"Basi mbona unakaa hivyo?"

Sikuwa na jibu. Shuleni nako mwalimu mmoja aliona daftari langu halina kazi ya siku tatu, akasema, "Kijana, umeanza uvivu," nikapewa panga nikafyeke nyasi nyuma ya vyoo. Rafiki yangu naye akanicheka, "Omera, kwani umeachwa na msichana?" Hakuna kati yao aliyekuwa na nia mbaya. Kila mmoja alitafuta sababu anayoifahamu. Mvivu anajulikana, aliyeachwa anajulikana, aliyefiwa anajulikana zaidi ya wote. Mimi sikuwa mmoja wao.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Kwetu huku huzuni lazima iwe na maiti. Mtu akifariki hapa Mamboleo au kule Kajulu, turubai hufungwa, viti hukodishwa, watu hukesha, na akina mama wazee huimba wakimtaja marehemu na ukoo wake hadi aliyekuwa hajalia akalia. Zamani mpiga nyatiti aliitwa, na nyuzi zake nane zikasema yale ambayo midomo ilishindwa kuyasema. (Siku hizi spika kubwa zimechukua nafasi yake, lakini hayo ni maoni ya siku nyingine.) Nyatiti yenyewe si ya matanga peke yake, maana marehemu Ayub Ogada, aliyefariki nyumbani kwake Nyahera mwaka 2019, aliipiga mpaka Ulaya na watu wasiojua neno moja la Kijaluo wakatulia kusikiliza. Nisemalo ni kwamba wazee wetu hawakumwacha mwenye huzuni akae na mikono mitupu. Walimpa ngoma, wakampa wimbo, wakampa kazi ya kupika na kuteka maji. Lakini ilikuwa ni huzuni yenye jeneza. Huzuni isiyo na jeneza haifungiwi turubai. Mwenyewe hupewa panga akafyeke.

Wala si kwamba lugha imetunyima maneno. Wanachama wa chama hiki tunayajua: huzuni, majonzi, simanzi, jitimai, kihoro, ukiwa, sonona. Tunayapanga katika insha ili tupate alama za msamiati. Mwaka mzima sijamsikia mwanafunzi hata mmoja akisema kwa mdomo wake, "Leo nina simanzi." Nyumbani husema chunya lit, yaani moyo wangu unauma, na hata hilo husemwa matangani. Shuleni tunasema "niko poa", basi.

Sasa nieleze nilivyopata nafuu, maana hii si hadithi ya kusikitisha watu. Usiku mmoja wa mwezi wa tatu stima ilipotea. Simu haikuwa na chaji, kitabu hakikusomeka, usingizi nao ulinikataa. Niliwasha mshumaa nikachukua daftari la Kiswahili. Mwalimu alikuwa ametuachia kazi ya kutunga ubeti mmoja wa tarbia, na nilikuwa sijaifanya, kama kawaida yangu siku zile. Nikaandika huu:

Najilaza kitandani, usingizi haujii,
Nikiuliza moyoni, sababu siitambui,
Sina msiba nyumbani, wala njaa siijui,
Moyo una kitu gani, kisichotaka kutoka?

Najua si ubeti wa kutisha. Hapo kwenye njaa nilidanganya kwa ajili ya kina; mwisho wa mwezi njaa tunaijua vizuri sana. Lakini angalia kilichotokea. Ubeti ule ulinichukua karibu saa nzima. Nilikuwa nahesabu mizani kwa vidole, nane kwa nane, nafuta, narudia, "msiba" ni mizani mitatu au miwili? Mshumaa ulipokaribia kuisha nikagundua kwamba kwa saa nzima sikuwa nimejifikiria mimi. Nilikuwa nimefikiria mizani. Huzuni ilikuwepo bado, ila sasa ilikuwa pale mezani, imeandikwa, ina vina vya kati na vya mwisho, nami niko hapa naitazama. Nikalala.

Asubuhi sikuamka nikicheka, tusidanganyane. Lakini niliamka na kitu cha kufanya: ubeti wa pili. Na kwa sababu nilitaka kumwonyesha mwalimu, nilioga.

Nilipomwonyesha, mwalimu wetu wa Kiswahili hakunipa alama. Aliketi akanisimulia habari za Abdilatif Abdalla. Sisi tulimjua kama jina la mtihani tu. Mtu huyu wa Mombasa alifungwa miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka wake uliouliza Kenya inakwenda wapi. Gerezani alitengwa na wenzake. Hakuruhusiwa karatasi, akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni, yakatolewa nje kwa siri. Mashairi hayo ndiyo yaliyochapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na kitabu kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi. Mwalimu akaniambia pia habari za Shaaban Robert, aliyefiwa na mkewe Amina akamtungia shairi la maombolezo. Kisha akasema, "Hawa hawakungoja moyo utulie ndipo waandike." Akaniambia nirudi darasani.

Siwezi kujilinganisha na hao, hata kidogo. Chumba changu si gereza. Lakini nimelifikiria jambo hili, nami naona shairi la vina na mizani linafaa kwa unyonge kuliko watu wanavyodhani. Siku hizi wapo wanaosema sheria hizo zinambana mtunzi. Mimi nasema ukiwa na moyo uliotawanyika, kubanwa ni rehema. Akili iliyokuwa ikizunguka kama nzi chumbani inapewa kazi ndogo: tafuta neno la mizani mitatu linaloishia na "ni". Na si lazima liwe shairi. Dada yangu hufuma vitambaa vya makochi, anahesabu vifundo kama ninavyohesabu mizani, na nimeona uso wake unavyobadilika afikapo safu ya kumi. Kule Dunga wapo wanaosuka mikeka na vikapu kwa mafunjo. Jirani yetu fundi huchora majina ya hoteli kwenye mbao, akianza asubuhi amenuna na kumaliza akipiga mluzi. Siri iko kwenye kitu ambacho hakikuwepo asubuhi na jioni kipo, hata kikiwa kibaya.

Nikija kwenye kujitunza, hapa nitasema machache kwa sababu ni mambo ya aibu kidogo kuandika. Maji ya kuoga, hata beseni moja. Kucha. Kupiga pasi shati hata kama hakuna anayekuja. Kutembea kutoka shuleni hadi njia panda badala ya kudandia pikipiki, jua likiwa linaelekea ziwani. Na usingizi. Wataalamu wa usingizi wanasema kijana wa umri wetu anahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku. Sisi wa shule ya kutwa hebu tuhesabu: unamaliza kazi za nyumbani na za shule saa tano usiku, unaamka saa kumi na nusu ili usifungiwe lango. Hizo ni saa 5 na nusu. Halafu mtu anasinzia kipindi cha Kemia anaitwa mvivu!

Lakini sitaki mtu asome haya adhani shairi ni dawa ya kila kitu. Nina rafiki (ameniruhusu niandike, bila jina) ambaye hali yake ilikuwa nzito kuliko yangu. Mimi na ujuaji wangu nilimpa kalamu na karatasi, nikamwambia, "Andika, utaona." Baada ya siku mbili alinirudishia karatasi ile ile, nyeupe. Akaniambia kitu kwa sauti ndogo sana: kwamba angependa alale asiamke. Nilitaka kucheka ili yapite. Sikucheka. Nilikwenda kwa mwalimu wa ushauri, na rafiki yangu akaninunia wiki nzima kwa kumtolea siri. Mwalimu alimwita mamake, wakaenda pamoja hospitali kuu ya rufaa, ile ambayo wazee bado wanaiita Rusia. Sasa ana siku zake za kwenda kuonana na daktari, na juzi alinishinda kwenye ajua mara tatu mfululizo akanisimanga mpaka nikaondoka.

Kwa hiyo nasema wazi: unyonge ukipita wiki mbili bila kupungua, au mtu akianza kusema habari za kutoamka, hapo kalamu iwekwe chini aitwe mtu mzima. Namba 116 ya Childline ni ya bure kupiga. Si kosa kuyasema hayo, wala kisheria: mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujitoa uhai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Ikiwa mahakama imeliona hilo kuwa si jambo la pingu, sembuse sisi na mapanga yetu ya kufyekea.

Jambo la mwisho linawahusu walimu wetu, nami nalisema kwa heshima zote. Tangu muhula wa pili wanafunzi wa kidato cha tatu tumeondolewa saa ya vyama ya Jumatano. Uchoraji, muziki, uigizaji, Kiswahili, vyote. Saa hiyo imefanywa ya marudio. Sababu naielewa. KCSE iko mbele, wazazi wanalipa karo kwa jasho, na mzazi wa omena hataki kusikia mtoto alikuwa akipiga kayamba. Mama yangu mwenyewe aliunga mkono.

Lakini kuna utafiti uliofanywa papa hapa Kenya, na matokeo yake yalichapishwa 2021. Wanafunzi zaidi ya 400 wa shule za upili za Nairobi na Kiambu, ambao walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa mbinu za kusoma. Kundi la pili lilipewa mafunzo yanayoitwa Shamiri, vikao vinne tu kwa wiki nne, vikiongozwa na vijana waliotoka shule ya upili karibuni. Waliandika mambo wanayoyashukuru, wakaandika mambo wanayoyathamini maishani, wakajadili jinsi mtu anavyoweza kubadilika na kukua. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini nafuu ya kundi la Shamiri ilikuwa kubwa zaidi. Yaani saa moja kwa wiki ya kuandika na kuzungumza ya moyoni iliwafaa wanyonge kuliko saa moja ya kufundishwa namna ya kusoma. Nasi tumefanya mabadilishano yaliyo kinyume kabisa.

Siombi tuachwe tucheze. Naomba saa moja, Jumatano, kuanzia saa tisa na nusu, irudishwe kwa kidato cha tatu. Marudio yafanywe Jumanne na Alhamisi, tutakuja. Na kabla mwanafunzi hajapewa panga kwa kutofanya kazi ya siku tatu, aulizwe kwanza amelala saa ngapi na moyo wake ukoje. Akijibu "niko poa", aulizwe tena.

Hadi hapo litakapoamuliwa, sisi wachache tunakutana wakati wa chakula cha mchana chini ya mjakaranda nyuma ya maktaba. Tuko sita. Mmoja anachora, wawili wanatunga, dada mmoja wa kidato cha nne anafuma kofia ambayo hajaamua ni ya nani. Rafiki yangu naye huja na ajua yake. Tukimaliza githeri tunabaki na dakika ishirini hivi. Karatasi zipo, kalamu uje na yako.