Ergoterapia Itafutwe kwa Pamoja: Wito kwa Wakaaji wa Butembo na Beni

Ergoterapia ni tawi la tiba linalomwezesha mtu aliyepungukiwa na uwezo, iwe kwa maradhi, kwa jeraha au kwa ulemavu wa kuzaliwa, kuzirudia au kujifunza shughuli za kila siku kama kula, kuvaa, kuoga, kuandika na kulima. Kinesiterapia, ambayo wengi huiita kine, hushughulika zaidi na nguvu za misuli na mwendo wa viungo, ilhali ergoterapia huuliza kiungo hicho kitafanya kazi gani, katika nyumba ya namna gani na kwa chombo kipi.

Wanaoihitaji katika miji hii miwili ya Kivu Kaskazini na vijiji vinavyoizunguka ni wengi. Tangu Oktoba 2014 mashambulizi ya waasi wa ADF yamewaacha hai watu waliokatwa kwa panga au kupigwa risasi. Janga la Ebola la 2018 hadi 2020 liliua watu 2,287, na baadhi ya manusura wake zaidi ya 1,100 walibaki na maumivu ya viungo, uchovu wa muda mrefu na matatizo ya macho. Hao ni mbali na majeruhi wa pikipiki, wazee waliopatwa na kiharusi na watoto wenye mtindio wa ubongo, yaani udhaifu wa mwendo unaotokana na ubongo kudhurika kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye.

Mkulima aliyekatwa kano za mkono, yaani nyuzi zinazounganisha msuli na mfupa, anaweza kushonwa vizuri na daktari wa upasuaji na bado akaupoteza mkono huo, kwa sababu kano iliyoshonwa hugandamana na kovu, na vidole visipowekwa katika gango linalofaa na kusogezwa kwa kipimo tangu siku na wiki za mwanzo, hukakamaa vikiwa vimejikunja. Ergoterapeuti hulitengeneza gango hilo, huchagua mazoezi yanayotokana na kazi halisi za mgonjwa, na ikibidi huuzungushia mpini wa jembe ukanda wa mpira ili mkono usio na nguvu uweze kuushika. Vifaa hivyo si vya gharama kubwa. Kinachokosekana ni mtu aliyesomea kuvitumia.

Kwa miaka mingi waliohitaji utunzaji wa aina hii walielekezwa Goma, yaliko hospitali ya HEAL Africa na kituo cha walemavu cha Shirika la Umoja. Lakini waasi wa M23 waliiteka Kanyabayonga, mji ulio kwenye barabara ya kwenda Goma, mnamo Juni 2024 na kuingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na tangu hapo njia hiyo imekuwa ya mashaka makubwa. Imebaki ndege ya kwenda Kinshasa, au barabara ya Kasindi kuelekea Kampala, safari ambazo familia ya kawaida haiwezi kuzilipia mara moja, seuze kwa miezi ya matibabu. Kila familia inapomtafuta mtaalamu peke yake, kwa kuulizauliza na kwa fununu, hata ikifanikiwa haiachi njia yoyote kwa familia inayofuata.

Butembo ina desturi ya kutosubiri. Wafanyabiashara wake walichangishana kutengeneza barabara wakati serikali ilipokuwa haionekani, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa 1989, kina kitivo cha udaktari. Desturi hiyo na ielekezwe huku. Parokia, misikiti na vituo vya afya, kuanzia Bulengera na Mususa hadi Mulekera na Rwenzori, viandikishe wanaohitaji tiba hii, kwa siri inayostahili mgonjwa, ili kanda za afya zijue ukubwa wa haja. Wafanyabiashara na vikundi vya likelemba, yaani vya kuchangiana fedha kwa zamu, vichange karo ya vijana wachache watakaosomea fani hii Kampala, Moshi au Nairobi, ambako inafundishwa, kwa mkataba ulioandikwa wa kurudi na kuhudumu nyumbani. Na mkataba huo uwe na upande wa pili, kwa kuwa mtaalamu anayerudi asikute nafasi wala mshahara ataondoka tena, na hatakuwa na lawama. Wakati wanasoma, wakine na wauguzi waliopo wapewe mafunzo mafupi, na maseremala wafundishwe kutengeneza viti vya kumkalisha wima mtoto mwenye mtindio wa ubongo.

Serikali nayo haiachiliwi mzigo wake. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya hatua maalum za ulinzi, na sheria ya 3 Mei 2022 imezifafanua haki zake. Kwa kuwa uongozi wa mkoa ulihamishiwa Beni baada ya Goma kutekwa, ofisi inayopaswa kuulizwa sasa iko karibu. Wakaaji waipelekee orodha ya walioandikishwa kwa maandishi, wakidai nafasi ya ergoterapeuti katika hospitali kuu za rufaa za Beni na za Butembo, na wasiache kuuliza mpaka nafasi hizo zipate watu.