Utafiti wa Uzee Usiachiwe Matajiri

Habari za sayansi ya kurefusha maisha zinapotufikia, mara nyingi huwa ni habari za fedha. Mwaka 2013 Google ilianzisha kampuni ya Calico kwa ajili ya kuchunguza uzeekaji. Mwaka 2022 ikazinduliwa Altos Labs kwa mtaji wa dola bilioni 3, kiasi kinachozidi bajeti ya mwaka ya wizara ya afya ya Tanzania au ya Kenya. Si ajabu basi kwamba watu wengi wa Afrika Mashariki wanaliona jambo hili kuwa la wenzetu wenye nazo, wanaotafuta namna ya kuishi miaka 150 wakati sisi bado tunahangaika na malaria. Naelewa mtazamo huo, lakini naona unatupotezea haki yetu. Ukipembua tafiti zenyewe, utakuta kwamba sehemu kubwa ya ushahidi ulio imara unahusu dawa kongwe, za bei nafuu, ambazo hataza zake zilishakwisha. Kwa sababu ni nafuu, hakuna mfanyabiashara mwenye hamu ya kugharamia jaribio la kuthibitisha kama zinamfaa binadamu anayezeeka. Hapo ndipo fedha za umma zinapotakiwa kuingia, na fedha za umma za nchi zetu zisikose kuwamo.

Kwa muda mrefu uzee ulidhaniwa kuwa uchakavu tu, jambo lisilo na mpangilio ambalo tabibu hawezi kuligusa. Dhana hiyo ilitikiswa mwaka 1993, pale Cynthia Kenyon na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walipoonyesha kwamba badiliko la jeni moja, iitwayo daf-2, linamfanya mnyoo mdogo wa maabara aishi muda mara mbili ya kawaida. Minyoo hao hawakuwa wanajikongoja kuelekea kifo. Walikuwa bado wanatambaa kwa nguvu siku ambazo wenzao walikuwa wamekwisha kufa. Jeni hiyo ni sehemu ya mfumo ambao mwili hutumia kupokea ishara za chakula, wa jamii moja na mfumo wetu wa insulini. Kumbe kasi ya kuzeeka inaendeshwa kwa sehemu na mitambo ya ndani ya seli, na mitambo hiyo inaweza kurekebishwa.

Ushahidi wa kutia moyo zaidi ulikuja kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1964 msafara wa wanasayansi kutoka Kanada ulichukua udongo katika kisiwa cha Rapa Nui, kule Bahari ya Pasifiki. Katika maabara za kampuni ya Ayerst mjini Montreal, Suren Sehgal na wenzake walipata ndani ya udongo huo bakteria wanaotengeneza kemikali ya kuua kuvu, wakaiita rapamaisini kwa jina la kisiwa. Mwaka 1999 Marekani iliidhinisha itumike kwa waliopandikizwa figo, kwa kuwa inatuliza kinga ya mwili isikatae kiungo kigeni. Baadaye ilifahamika kwamba dawa hii huzuia protini iitwayo mTOR, ambayo kazi yake ni kuiarifu seli kuwa chakula kipo, hivyo ikue. Protini hiyo ikinyamazishwa, seli huacha kujenga na kugeukia usafi: huvunjavunja protini zilizoharibika na kuzitumia upya.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2009 linastahili kutazamwa kwa karibu. Lilifanywa kwa pamoja katika maabara tatu za Marekani, huko Maine, Michigan na Texas, kwa utaratibu mmoja, ili bahati ya maabara moja isije ikapotosha wote. Watafiti walikusudia kuanza mapema, lakini rapamaisini ilikuwa inaharibika ikichanganywa na chakula cha panya. Walilazimika kuifunga katika vifuko vidogo mno visivyoyeyuka mpaka vifike kwenye utumbo, na kazi hiyo ilipokamilika panya walikuwa wamefikisha siku 600, umri unaolingana na miaka 60 hivi ya mtu. Hata hivyo matokeo yalionekana. Umri ambao asilimia 90 ya panya huwa wamekufa ulisogea mbele kwa asilimia 14 kwa majike na asilimia 9 kwa madume. Tangu hapo haiwezekani tena kusema kwamba mwili ukishazeeka hakuna la kufanya.

Sababu ya kulijali jambo hili si hamu ya kuvunja rekodi ya Mfaransa Jeanne Calment, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019 zinaonyesha kwamba wastani wa umri wa kuishi duniani ulikuwa miaka 73, ilhali wastani wa miaka ya kuishi kwa afya njema haukufika 64. Tofauti hiyo ya miaka zaidi ya tisa ndiyo miaka ya kiharusi, ya figo, ya macho yasiyoona, ya akili inayosahau majina ya watoto. Kwetu mzigo huo huangukia nyumbani: binti hufunga genge lake ili amuuguze mama, na mjukuu hukatiza masomo. Tiba ya leo hupambana na maradhi moja baada ya jingine, kana kwamba kila moja lina chimbuko lake, wakati umri ndio hatari kuu kwa karibu yote. Ukimponya mzee saratani, kiharusi bado kinamsubiri. Wanaochunguza uzeekaji wanasema tujaribu kuchelewesha chimbuko, maradhi yaje kwa kuchelewa na yakae kwa muda mfupi. Kwa vigezo vya uchumi wa familia zetu, sijui lengo la kitabibu lenye manufaa kuliko hilo.

Yupo atakayesema, na ni haki yake, kwamba panya si mtu. Historia inampa nguvu. Mwaka 2008 kampuni ya GlaxoSmithKline ilinunua kampuni ndogo ya Sirtris kwa dola milioni 720, kwa matumaini yaliyojengwa juu ya resveratroli, kemikali inayopatikana kwenye ganda la zabibu. Miaka mitano baadaye ofisi za Sirtris zilifungwa, na zile maabara tatu za Marekani zilipoijaribu kemikali hiyo kwa panya wa kawaida, panya hao hawakuishi zaidi. Rapamaisini nayo ina dosari zake: huweza kuleta vidonda mdomoni, kupandisha sukari na mafuta kwenye damu, na kupunguza kinga. Mwaka 2014 dawa ya jamii yake iliboresha mwitikio wa wazee kwa chanjo ya mafua. Miaka michache baadaye dawa nyingine yenye lengo hilo hilo la kuzuia mTOR ilishindwa katika jaribio kubwa la kuzuia maradhi ya njia ya hewa. Anayenunua rapamaisini leo ili arefushe maisha anacheza kamari na mwili wake. Lakini pingamizi hili linanipa hoja badala ya kuninyang'anya. Kama hatujui, dawa ya kutojua ni jaribio la kweli lenye watu wa kutosha.

Na jaribio la namna hiyo limeshabuniwa. Metifomini ni kidonge cha kisukari kilichoanza kutumika Ufaransa mwaka 1957, asili yake ikiwa mmea wa Ulaya. Kiko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mtu yeyote mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani anakifahamu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2014 ulidai kwamba wagonjwa wa kisukari waliotumia metifomini waliishi muda mrefu kidogo kuliko watu wasio na kisukari kabisa. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2022 haukuona faida hiyo. Kumbukumbu za hospitali haziwezi kuumaliza ubishi huu. Daktari Nir Barzilai wa New York na wenzake walipanga jaribio la watu 3,000 wenye umri kati ya miaka 65 na 79, nusu wapewe metifomini na nusu kidonge kisicho na dawa, kisha wafuatiliwe kuona kama saratani, maradhi ya moyo na kupotewa na kumbukumbu vitachelewa. Mwaka 2015 walikutana na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani kuujadili mpango huo. Kwa miaka mingi baada ya hapo umekwama kwa kukosa fedha, wakati mabilioni yanakwenda kwenye teknolojia ambazo mtu anaweza kuzikatia hataza. Soko halina ubaya kwa kutolipia kidonge cha bei chee, kwa maana halikuundwa kwa kazi hiyo. Serikali ndiyo iliyoundwa kwa kazi hiyo.

Je, si tuwaache Wamarekani na Wazungu walipe, nasi tupokee majibu? Biolojia yenyewe inakataa. Mwaka 2025 jarida la Nature Aging lilichapisha ulinganisho wa wazee wa Italia na Singapore na wa jamii mbili za asili, Watsimane wa Bolivia na Orang Asli wa Malaysia. Nchini Italia na Singapore mchochota wa ndani, yaani ule mwako wa kinga ya mwili usiozimika, uliongezeka kadiri ya umri na kuambatana na maradhi sugu. Kwa jamii zile mbili mchochota ulikuwepo kwa wingi kutokana na minyoo na maambukizi, lakini haukupanda na umri wala haukuambatana na maradhi hayo. Jambo ambalo vitabu vimelifundisha kama sheria ya uzee wa binadamu huenda ni tabia ya uzee wa mjini wenye viwanda. Huku kwetu ziko jamii za kila aina, kuanzia wafugaji wa Turkana hadi wakazi wa Kariakoo, na watafiti wamekwisha kuonyesha kwamba Waturkana waliozaliwa na kukulia mijini wana afya mbaya ya moyo na sukari kuliko ndugu zao wanaofuga. Kipimo cha uzee kilichotengenezwa kwa damu ya Waitaliano hakiwezi kuaminiwa kwa mzee wa Lodwar, huko Turkana, kabla hakijajaribiwa Lodwar.

Tumechangia pia kwa njia nyingine, na sina hakika tumelipwa. Fuko asiye na manyoya, mnyama wa maeneo makavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia, ana ukubwa wa panya lakini huishi zaidi ya miaka 30. Uchambuzi wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba uwezekano wake wa kufa hauongezeki kwa kuzeeka, jambo geni kabisa kwa mamalia. Mafuko wa utafiti huo ni uzao wa wale waliokamatwa Kenya miongo kadhaa iliyopita, na Calico ilishiriki katika utafiti. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walihamishia jeni moja ya fuko kwa panya, na panya hao wakaishi zaidi kidogo, wakiwa na saratani chache. Nchi ambayo haina maabara ya kumchunguza mnyama wake itabaki kusoma habari zake magazetini.

Pingamizi zito kuliko yote ni la watoto. Kwa nini shilingi moja iende kwa mzee wakati mtoto anakufa kwa homa? Jibu la kwanza ni kwamba serikali zetu zimekwisha kuukubali mzigo wa uzee: Zanzibar hulipa pensheni jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi tangu 2016, na Kenya ikafuata 2018. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba Waafrika wenye miaka 60 na zaidi wataongezeka mara tatu hivi kati ya 2020 na 2050. Gharama haiepukiki, tunachochagua ni kama wazee hao watakuwa wanatembea au wamelala. Jibu la pili linatoka kando ya Ziwa Eyasi. Mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake walioishi na Wahadza wa huko katika miaka ya 1980 waliona kwamba wanawake wazee walichimba mizizi kwa saa nyingi kila siku kuliko wasichana, na kwamba mama alipojifungua, uzito wa mtoto aliyeachishwa ziwa ulitegemea bidii ya bibi yake. Afya ya bibi ni chakula cha mtoto, Eyasi kama ilivyo Mbagala.

Wapo pia wanaohofu kwamba tunaingilia kazi ya Mungu. Wasiwasi huo ungepaswa kuwahusu pia mtengeneza miwani na mtoa chanjo. Anayechelewesha kiharusi hajagusa siku ya mtu ya kufa.

Uwezo wa kufanya kazi hii tunao. Chanjo ya malaria ya R21 ilijaribiwa Bagamoyo na Kilifi, na wataalamu wa Taasisi ya Afya Ifakara na wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walisimamia washiriki wengi kwa viwango vinavyokubalika duniani. Nawaomba wabunge wa Dodoma na Nairobi watenge fungu, hata dogo, ili vituo hivyo vianzishe jaribio la metifomini kwa wazee wasio na kisukari, kwa ushirikiano na wale waliokwama New York. Nawe msomaji uliyevuka miaka 50, usisubiri matokeo wala usinunue vidonge vya kurefusha maisha vinavyotangazwa mitandaoni. Nenda kapime shinikizo la damu na sukari wiki hii, na ukiandikiwa dawa, meza kila siku.