Kivinjari Kinapopiga Hodi kwa Niaba Yetu

Wapenzi wa Kiswahili tumezoea kulumbana juu ya istilahi. Kompyuta iitwe tarakilishi au ngamizi? Mjadala huu ni mtamu, nami nimeushiriki mara nyingi hapa Eldoret. Hata hivyo, naamini kuna mahali pengine ambapo lugha yetu hupoteza nafasi kila siku, kimya kimya, wala hatupatazami.

Mahali hapo ni katika mazungumzo baina ya kivinjari na seva. Tangu Tim Berners-Lee alipoasisi wavuti akiwa CERN, mazungumzo hayo yameongozwa na itifaki iitwayo HTTP. Muundo wake ni wa majibizano: kivinjari hutoa ombi, seva hutoa jibu. Aidha, itifaki hiyo haina kumbukumbu; mgeni aliyetoka sasa hivi akirudi, hana budi kupiga hodi upya na kujitambulisha tena. Ndani ya hodi hiyo mna mistari michache ya maelezo, na mmoja wao hutaja lugha ambayo mgeni angependa kujibiwa.

Watengenezaji wa programu huisoma mistari hii wanaposaka hitilafu. Bonyeza kitufe cha F12 katika Firefox au Chrome, fungua sehemu ya mtandao, kisha upakie ukurasa upya. Maombi na majibu yatajipanga mbele yako. Katika mashine nyingi tunazotumia huku, utakuta maneno kama haya: "Accept-Language: en-US,en;q=0.9". Yaani, nipe Kiingereza cha Marekani. Kikikosekana, Kiingereza chochote. Herufi q ni kipimo cha upendeleo, kutoka 0 hadi 1. Kiswahili, ambacho msimbo wake ni sw, hakimo hata kwa 0.1. Mtumiaji ni mzaliwa wa Kapsabet anayesomea shahada ya Kiswahili, lakini hodi yake imepigwa kwa Kimarekani, na hakuulizwa.

Basi seva ikijibu kwa Kiingereza, kosa ni la nani? Itifaki ina msimbo 406, ambao kwao seva hukiri kuwa haina jibu la namna iliyoombwa. Ni nadra kuuona. Aghalabu seva hutoa 200, ishara ya kwamba mambo ni shwari, kisha ikamwaga Kiingereza. Naye mwenye tovuti akikagua maombi anayopokea, ataapa kwamba hakuna aliyewahi kumwomba Kiswahili. Atakuwa amesema kweli.

Upande wa jibu nao una dosari. Nimechungulia kurasa kadhaa zilizoandikwa kwa Kiswahili sanifu, nikakuta zimejitangaza kuwa za Kiingereza: lang="en". Hili si jambo dogo. Programu inayomsomea asiyeona huweza kutegemea tangazo hilo kuchagua sauti. Ikidanganywa, "wake" na "pale" hutamkwa kama maneno ya Kiingereza, na msikilizaji akabaki kubahatisha.

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya wanasayansi wa kompyuta, sisi tushughulike na tamathali. Sikubaliani nao. Kazi yenyewe ni ya kusoma matini mstari kwa mstari na kuuliza ni nani anayesema, kwa niaba ya nani. Tuna hata neno lake: kuchambua, lile lile linalotumiwa kwa riwaya na kwa mchele wenye mawe.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili. Ni wangapi miongoni mwetu walioitumia kuandikia tasnifu? Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini Kenya, na kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha siku yake duniani kwa ngonjera na hotuba. Mwaka huu napendekeza chama chetu kitenge saa moja ya siku hiyo tuingie katika maabara ya kompyuta, tufungue mipangilio ya kila kivinjari, tukiweke Kiswahili juu ya Kiingereza, kisha tubonyeze F12 na kuona kurasa zipi zinajibu, zipi zinajifanya hazikusikia. Orodha ya hizo za pili tuwapelekee wenyewe, kwa barua, pamoja na mstari wa ombi tuliloutuma.