JKT ya kujitolea: Nani kajitolea hapo?

KIJANA mwenzangu, hebu tuulizane bila kuoneana haya. Unapoambiwa kuna JKT ya lazima na JKT ya kujitolea, tofauti yake unaijua? Usikimbilie kujibu. Soma kwanza.

Jeshi la Kujenga Taifa lilianza Julai 10, 1963, likiwa la hiari. Mwaka 1966 Serikali ikaamua kuwa wasomi walitumikie kwa lazima, tena kwa kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Oktoba 22 mwaka huo wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, wakaandamana hadi Ikulu. Mwalimu Nyerere akawasikiliza, kisha akawafukuza zaidi ya 300. Lakini siku hiyo hiyo akatangaza kujipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Mlaumu kwa ukali ukitaka, ila huwezi kusema aliwazunguka. Alisema ni lazima, na kila mtu akaelewa ni lazima.

Mwaka 1994 lazima hiyo ikasitishwa kwa sababu hazina ilikuwa tupu. Mwaka 2013 ikarudishwa kwa vijana wanaomaliza kidato cha sita, ndiyo hiyo inayoitwa "mujibu wa sheria". Tuliwaona hata wabunge vijana wakivaa magwanda mwaka huo, wiki chache tu, kamera zikiwapo, kisha wakarudi kwenye viti vyao.

Sasa twende Msangano, wilayani Momba, mkoani Songwe. Kule bondeni wanakolima mpunga, kijana aliyeishia kidato cha nne hana habari na mujibu wa sheria. Mlango wake ni ule wa kujitolea, na huko ni miaka miwili. Ataanza na barua ya mtendaji, ataitwa kwenye usaili wilayani, na akibahatika atapanda basi kwenda kuwa kuruta.

Anafuata nini huko? Jembe? Jembe analijua tangu utoto. Anafuata cheti. Jeshi la Wananchi likitangaza nafasi za kazi, linataka aliyemaliza mafunzo ya JKT. Vyombo vingine navyo, kwa nyakati mbalimbali, vimeweka sharti hilo hilo. Sasa ndugu yangu, mtu ukimfungia milango yote ukamwachia mmoja, akapita huo, utampigia makofi kwamba amejitolea?

Na ajabu haijaisha. Tangazo la JKT la kuita vijana limezoea kusema wazi kwamba JKT haitoi ajira wala haimtafutii mtu ajira. Yaani mkono mmoja wa Serikali unasema bila JKT kazi hupati, mkono wa pili unasema JKT siyo ahadi ya kazi. Anayebanwa katikati ya mikono hiyo ni nani? Mtoto wa kigogo? Thubutu!

Aprili 2021 tuliyaona matunda yake. Vijana 854 wa kujitolea walifukuzwa JKT baada ya kugoma wakidai ajira ambazo walisema waliahidiwa na Rais Magufuli, aliyekuwa amefariki mwezi mmoja kabla. Aliyetangaza ni Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo. Mwaka 2022 Rais Samia akawasamehe. Msamaha ni jambo jema. Lakini mtu aliyejitolea kwa moyo hagomi kudai malipo. Waligoma kwa sababu wao walidhani wamefunga mkataba, na mwenzao hakuwa na mkataba nao.

Wapo watakaosema JKT inajenga ukakamavu na umoja. Ni kweli, sipingi. Kijana wa Msangano kulala hanga moja na wa Pemba na wa Tarime ni faida kwa nchi. Wapo pia watakaosema basi iwe lazima kwa wote, yaishe. Hao nawaomba waitazame Eritrea. Sheria yao ya 1995 iliandika miezi 18. Ilipokuja vita na Ethiopia mwaka 1998, miezi ikawa miaka isiyo na kikomo, na vijana kwa maelfu wakaikimbia nchi yao.

Mimi nataka ukweli tu. Kama ni hiari, cheti cha JKT kisiwe kufuli la ajira ya umma. Kama Serikali inataka askari waliopita huko, itangaze nafasi ziko ngapi kabla kijana hajapanda basi, na atakayekosa atoke na ufundi wenye cheti kinachotambulika na VETA. Na kama ni lazima, iitwe lazima, iwe na mwisho unaojulikana, na mtoto wa waziri aanze yeye.

Fikiria kijana anashuka pale Tunduma na begi lake, miaka miwili imekwisha. Mwenzake aliyebaki amekuwa utingo wa lori la Zambia, mwingine ana bodaboda ya mkataba. Yeye anajua kwata. Akiulizwa nyumbani amerudi na nini, ajibu nini?

Kwa hiyo wewe unayejaza fomu wiki hii, nenda ukitaka. Lakini kabla ya kusaini uliza mbele ya watu: nafasi ni ngapi? Na wakikuambia umejitolea, waulize ungekwenda wapi kwingine.